Namna ya Kujenga Uelewa wa Maadili wa Mhusika Mtoto katika Riwaya

Riwaya nyingi zenye mhusika mtoto huanguka mahali pamoja. Mtoto anapokutana na jambo la haki na dhuluma, mwandishi humnyang'anya sauti yake na kumtia kinywani maneno ya mtu mzima, naye papo hapo hugeuka kuwa malaika asiyekosea au mzee mdogo anayewahubiria wakubwa. Msomaji huvumilia hotuba hiyo, lakini kuanzia hapo hamwamini tena mtoto huyo. Mwongozo huu ni kwa mwandishi anayetaka kuepuka anguko hilo, na msimamo wake ni huu: mtoto ana hesabu zake kamili za mema na mabaya, alizozijenga kwa vipande vya amri, adhabu na mambo aliyoyaona yakitendeka, na kazi ya mwandishi ni kuzijua hesabu hizo, pamoja na makosa yaliyomo ndani yake, kabla hajaandika sura ya kwanza.

Anza na kanuni, acha funzo

Kabla ya kujiuliza mtoto wako atajifunza nini, andika kanuni tatu au nne ambazo tayari anazishika, na kando ya kila moja uandike ni nani aliyempa, katika tukio gani, na ilimgharimu nini. Kanuni ya mtoto haina budi kuwa na chimbuko, kwa sababu mtoto huipokea amri ikiwa imeshikamana na sura ya aliyeitoa, na mara nyingi ikiwa imeshikamana na maumivu au aibu ya siku ile. "Usiseme uongo" ni kanuni ya kila mtu, kwa hiyo haimtofautishi mhusika yeyote. "Mgeni akiuliza, sema baba hayupo" ni kanuni ya mtoto mmoja katika nyumba moja, na ndani yake mna uongo ulioruhusiwa, mna deni au hofu isiyotajwa, na mna mzazi aliyeitoa amri hiyo kwa kunong'ona. Ukiziweka kanuni hizo mbili katika kichwa kimoja, tayari umepata mgogoro, na hukulazimika kuubuni.

Angalia pia tofauti kati ya yanayosemwa na yanayotendwa. Watoto ni mashahidi makini wa adhabu: wanajua ni kosa gani hupigiwa kelele na ni lipi hupita kimyakimya. Ikiwa katika nyumba ya riwaya yako kuvunja sahani huleta kipigo, ilhali kumtukana mfanyakazi hakuleti hata neno, mtoto atahitimisha kwamba sahani ina thamani kuliko mtu yule, hata kama kila jioni anafundishwa kuwaheshimu watu wote. Hitimisho hilo usiliandike. Lionyeshe katika namna anavyotembea akiwa amebeba sahani, na katika sauti anayoitumia kumwagiza mfanyakazi maji. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo inamfaa mlezi, lakini mwandishi akiifuata kupita kiasi atapata mhusika asiyemshangaza mtu yeyote, kwa kuwa mtoto huokota pia mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumpa.

Umri una uzito wake

Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha uchunguzi ambao mtunzi wa riwaya anaweza kuuchota hadi leo. Aliwasimulia watoto visa viwili viwili, kisha akawauliza ni nani aliyekosa zaidi. Katika jozi mojawapo, mvulana aliyeitwa mezani anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna vikombe 15, navyo vyote vinavunjika. Mvulana wa pili anapanda kiti ili adokoe jamu wakati mama yake hayupo, na anavunja kikombe kimoja. Wengi wa watoto wadogo walimhukumu zaidi yule wa vikombe 15, kwa kuwa walipima hasara, ilhali wakubwa wao, hasa waliokaribia miaka 10, walipima nia. Aliona pia kwamba mtoto mdogo humwona anayedai kukutana na mbwa mkubwa kama ng'ombe kuwa mwongo mbaya kuliko yule anayemdanganya mama yake kwamba amepata alama nzuri, maana mbwa wa namna hiyo hayupo kabisa, bali alama nzuri hupatikana. Na alipowasimulia kisa cha mtoto aliyeiba matunda, akakimbia, kisha daraja bovu likavunjika chini ya miguu yake, wengi wa wadogo walisema daraja lilivunjika kwa sababu mtoto aliiba.

Kisa hicho cha daraja kina riwaya nzima ndani yake. Mtoto anayeamini kwamba ulimwengu wenyewe hutoa adhabu hahitaji kushtakiwa na mtu. Mpe miaka 6, mfanye amwombee mdogo wake mabaya kwa sababu ya kugombania kitanda, kisha mdogo huyo augue usiku huohuo: ameshajihukumu, na ataibeba hukumu hiyo kwa siri huku wakubwa wakidhani amenuna kwa wivu. Atakataa kulala katika kitanda alichokipigania. Atatoa vitu vyake vya thamani bila kusema sababu. Msomaji atayaona matendo haya ya ajabu, ataunganisha mambo polepole, na atakapofika kwenye jibu atakuwa ameingia katika akili ya mtoto kwa miguu yake mwenyewe.

Hata hivyo, usiyafanye matokeo ya utafiti kuwa ratiba ya treni. Watafiti waliomfuata Piaget walionyesha kwamba nia ikielezwa waziwazi, hata watoto ambao hawajaanza shule ya msingi huizingatia. Mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake, katika kazi zao za miaka ya 1970 na 1980, walionyesha kwamba watoto wadogo hutofautisha kosa la kumuumiza mtu na kosa la kuvunja utaratibu tu: wakiulizwa kama ni sawa kumwita mwalimu kwa jina lake pale ambapo shule imeruhusu, wengi hukubali, lakini wakiulizwa kama ni sawa kumpiga mwenzako pale ambapo shule imeruhusu, hukataa. Kwa hiyo mtoto mtiifu kupita kiasi, ambaye kila jema na kila ovu kwake ni agizo la mkubwa, ni mhusika aliyerahisishwa. Mwache aone mara moja kwamba mkubwa ameruhusu jambo baya, hata kama hana la kufanya.

Matokeo mengine ninayoyapenda ni ya mwaka 1988, pale watafiti Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian walipowauliza watoto jinsi anavyojisikia mtoto aliyeiba kitu alichokitamani. Wengi wa wale wa miaka 4, ambao walijua vizuri kwamba kuiba ni vibaya, walisema mwizi atafurahi, kwa kuwa amepata alichokitaka. Wengi wa wale wa miaka 8 walisema atajisikia vibaya. Mwandishi anayemfanya mtoto wa miaka 4 alie kwa majuto mara tu baada ya kudokoa kitu amemvika moyo usio wake. Mtoto huyo anaweza kutamka kwa usahihi kwamba kosa ni kosa na papo hapo akatabasamu akiwa na kitu mkononi, na tabasamu hilo likiandikwa bila kulaaniwa humkaa msomaji zaidi kuliko machozi.

Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, aliyeanza kazi yake mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwapima vijana kwa kusikiliza sababu walizotoa kuhusu visa kama kile cha mume anayefikiria kuiba dawa ili amwokoe mkewe, kisha akazipanga sababu hizo katika hatua za ukuaji wa maadili. Mwaka 1982 mwanasaikolojia mwenzake, Carol Gilligan, alimpinga kwamba hatua zake zilijengwa juu ya majibu ya wavulana, na kwamba zilipuuza fikra zinazoanzia kwenye uhusiano na kujaliana. Mjadala huo ni mrefu. Kinachomhusu mtunzi ni kwamba uwezo wa kueleza sababu na uwezo wa kutenda jema haviendi sambamba. Mhusika wako anaweza kufanya jambo la ungwana kabisa na, akiulizwa kwa nini, akajibu "basi tu." Jibu hilo usiliboreshe.

Mfano mmoja

Tumchukue msichana wa miaka 8. Ameona kaka yake wa miaka 12 akitoa pesa katika mkoba wa mama. Mama anamshuku dada anayewasaidia kazi za nyumbani, na kabla ya jioni anamfukuza. Siku chache zilizotangulia, msichana huyu alimchongea kaka yake kwa jambo dogo, na mama akamwambia mbele ya wageni kwamba hakuna anayempenda mtoto anayechongea wenzake. Mwandishi mwenye haraka ataandika hivi:

"Nilitambua siku ile kwamba kunyamaza mbele ya dhuluma ni kushiriki katika dhuluma hiyo, na kwamba ukweli una thamani kuliko undugu."

Sentensi hiyo ni sahihi, na ni mfu. Hakuna mtoto ndani yake, na pia hakuna kanuni iliyomnyamazisha. Linganisha na hii:

"Dada alikunja nguo zake moja moja akazitia katika mfuko wa plastiki, kwa sababu begi lilikuwa la mama. Mimi nilikaa mlangoni. Mama alipopita nilimtazama ili aone kwamba sijamchongea mtu, lakini hakunitazama. Nikamuuliza dada kama anataka kibanio changu chekundu, kile alichozoea kunibania nacho. Akasema nikae nacho, nitakihitaji shuleni. Alipoinama kufunga viatu, nilikitumbukiza katika mfuko wake."

Hapa msichana anatii. Kanuni aliyopewa kwa aibu mbele ya wageni ameishika sawasawa, na anamtazama mama yake akisubiri sifa, jambo ambalo linamchoma msomaji kwa kuwa anajua utii huo umemgharimu mtu mwingine riziki. Wakati huohuo kuna kitu ndani yake kinachojua kwamba mambo hayako sawa, nacho kinatafuta njia ya kutoka kwa kutumia mali pekee aliyonayo. Hasemi "hatia" wala "pole." Kibanio ndicho kinachosema, tena kwa makosa, kwa sababu hakilingani hata kidogo na kilichopotea. Mwandishi mwerevu ataona pia kwamba kibanio hicho kinaweza kukutwa langoni, mfuko utakapopekuliwa, na kikageuka ushahidi wa wizi wa pili. Wema wa mtoto, uliofanywa kwa siri kwa sababu alikatazwa kusema, utamzamisha yule ambaye mtoto alitaka kumsaidia, na sasa kunyamaza kwake kutakuwa na bei ambayo hata hesabu za mtoto wa miaka 8 zinaweza kuisoma.

Zingatia muundo wa mtego huo unapojenga wako. Usimweke mtoto kati ya jema na baya, kwa maana atachagua jema na riwaya itakwisha, au atachagua baya na utalazimika kumwadhibu. Mweke kati ya mambo mawili ambayo yote alifundishwa kuwa mema, yaliyotolewa na mtu yuleyule ikiwezekana. Gharama iwe ya kadiri yake: kukosa kupendwa, kuchekwa, kupoteza mwenzi wa kucheza, kumwona mama akilia. Hizo ndizo hatari kubwa za utotoni, na zikiandikwa kwa uaminifu hazihitaji kuongezewa moto wala mafuriko.

Nani anasimulia

Nafsi ya kwanza ya mtoto anayesimulia mambo yanapotokea humpa msomaji ukaribu, lakini humnyima mwandishi msamiati. Njia ya kuishi na upungufu huo ni kumfanya mtoto kuwa msikilizaji hodari. Mwache anukuu mazungumzo ya wakubwa neno kwa neno, bila kuyafasiri, na aone vitu ambavyo maana yake anaijua msomaji peke yake: kikombe cha pili mezani asubuhi, bahasha inayobadilishana mikono, mjomba anayeacha kuongea mtoto anapoingia. Kinaya hutoka katika pengo hilo, na pengo likiwa wazi mno huwa mzaha. Kichekesho cha mtoto asiyeelewa maneno ya wakubwa kinachosha upesi. Mara moja au mbili katika riwaya nzima zinatosha.

Msimulizi mtu mzima anayekumbuka utoto wake ndiye anayevutia waandishi wengi zaidi, na kwa maoni yangu ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, maana kila aya inamkaribisha aeleze alichokuja kuelewa baadaye. Mruhusu ajue ukweli uliojitokeza baadaye, kwa mfano kwamba dada yule hakupata kazi tena katika mtaa ule, lakini usimruhusu kuimaliza kesi. Mtu mzima ambaye hadi leo anajitetea kwa sababu zilezile za miaka 8, kwa maneno mazuri zaidi, ni msimulizi anayefaa kusomwa. Nafsi ya tatu iliyo karibu na mtoto hukupa sentensi za kimo chako na macho ya kimo chake, na kwa anayeandika riwaya yake ya kwanza ningependekeza aanzie hapo.

Kukua kusikonyooka

Mtoto hapandi kutoka ujinga hadi hekima kwa ngazi zilizopangwa. Anaelewa jambo Jumatatu, analisahau Jumatano akiwa na njaa, na wiki inayofuata analitumia mahali pasipofaa. Msichana wetu, baada ya kuona madhara ya kunyamaza, huenda akaanza kusema kila anachokiona, na ukweli wake ukamvunjia shangazi ndoa. Kosa la pili lililozaliwa na funzo la kwanza huonyesha kwamba mtoto anafikiri, na huiokoa riwaya isiwe kitabu cha nasaha. Mpe pia nafasi ya kuwa mkatili: atamcheka mtoto dhaifu ili asichekwe yeye, na atakuwa na sababu zake.

Wakubwa wanaomzunguka wasifanye kazi yake. Onyo hili ni gumu kulifuata, kwa sababu mazungumzo ya babu mwenye busara na mjukuu wake chini ya mti huandikika kwa wepesi na hupendeza kusoma. Ikiwa babu hana budi kuzungumza, aseme maneno machache, yasijibu swali aliloulizwa, na mtoto ayaelewe nusu. Vilevile usimpe mtoto mkubwa mmoja aliye mwadilifu kabisa wa kuigwa bila mkubwa huyo kufanya jambo moja, mbele ya mtoto, ambalo haliwezi kutetewa. Hakuna kinachomkuza mhusika mtoto kama kulazimika kumpenda mtu aliyemwona akikosea.

Fidia nayo ifanane na umri. Watoto hurekebisha mambo kwa vitu na kwa matendo: hurudisha, hugawana, hujinyima, hukaa karibu na mtu bila kusema neno. Kuomba radhi kwa sentensi ndefu yenye viambishi vyote mahali pake kutakuwa ni sauti yako. Na mara nyingine fidia ichelewe kabisa. Pesa zipatikane wakati dada ameshaondoka, na mtoto agundue kwamba kusema ukweli leo hakumrudishi mtu aliyefukuzwa jana.

Kazi ya rasimu

Rasimu ikikamilika, ipitie mara moja kwa ajili ya mtoto peke yake. Pigia mstari kila nomino ya dhana inayotoka kinywani mwake au katika mawazo yake, kama vile haki, ukweli, uaminifu, usaliti, ubinadamu, kisha ujiulize kwa kila moja ni nani aliyemfundisha neno hilo na katika ukurasa gani. Lisilo na jibu lifute, na mahali pake uweke kitu kinachoshikika au tendo. Soma pia aya ya mwisho ya kila sura inayomhusu. Huko ndiko mahubiri hujificha, na mara nyingi sura huimarika ukiikata sentensi moja kabla ya mwisho wake.

Hakikisha kwamba hesabu zake hazibadiliki bila sababu. Ikiwa katika sura ya pili anapima kosa kwa ukubwa wa hasara na katika sura ya tano anapima kwa nia, kuwe na tukio lililomsukuma, hata dogo, kwa mfano siku alipoadhibiwa yeye mwenyewe kwa jambo ambalo hakulikusudia. Kisha mpe rasimu msomaji unayemwamini, usimweleze lolote kuhusu dhamira yako, na baadaye umuulize swali moja tu: kwa nini mtoto alinyamaza? Akikujibu kwa maneno ambayo ungeyaandika nyuma ya jalada la kitabu, bado unasikika wewe, na tukio hilo linahitaji kuandikwa upya. Akianza kumtetea mtoto, kisha akajikatiza na kumlaumu, liache tukio hilo kama lilivyo na uendelee na sura inayofuata.